Kioo cha nyuma cha kutoa: maana yake kwenye Corvette za zamani

Chevrolet Corvette ni gari la michezo la Kimarekani, na ile ya mwaka 1968 yenye paa gumu ina kioo cha nyuma kinachotoka. Dereva anafungua makomeo kwa ndani, anakishika kioo kwa mikono miwili, anakilaza kwenye trei iliyoko nyuma ya viti, anawasha gari na kwenda zake. Sasa itazame ya 1973 kwa nyuma. Utaapa ni gari lile lile: taa nne za mviringo, mabega mawili yanayoteremka kutoka kwenye paa, na kioo kimesimama wima katikati yake. Lakini hiki hakitoki. Kimegandishwa tangu kiwandani.

Wenye magari ya baada ya 1972 wanaposema wanataka "kufanya kioo kiwe cha kutoa", wanataka kurudisha kile ambacho kiwanda kilikiondoa. Kuna wanaodhani ni kazi ya kuikata gundi tu. Gundi ndiyo sehemu nyepesi. Fundi anapitisha waya mwembamba kati ya kioo na bodi, anauvuta huku na huku, na kioo kinaachia. Hapo ana tundu kwenye gari, na kioo mkononi kisicho na pa kukaa. Bado hajapata kioo cha kutoa.

Kioo cha kudumu kinashikwa na gundi au mpira uliobanwa kuzunguka ukingo wake, na gundi hiyo hiyo ndiyo inayozuia maji. Kioo cha kutoa kinagawa kazi hizo. Kina fremu yake, kinakalia kitako chake upande wa chini, makomeo yanakivuta kwa juu, na maji yanazuiwa na mpira unaobonyea kila kinapofungwa na kujirudi kila kinapofunguliwa. Tena mfereji wa chini lazima uwe na njia ya kumwagia maji nje, kwa sababu mpira wa kubonyezwa, hata ukiwa mpya, hauwezi kuziba kama gundi.

Kwa nini Chevrolet walikiweka kioo cha kutoa? Wabunifu wa gari hili walitaka paa lote litoke kwa kipande kimoja. Walipojaribu, bodi ikawa inanyumbuka, ikabidi waweke mhimili katikati, kuanzia kioo cha mbele hadi kwenye upinde wa nyuma. Paa likawa vipande viwili, kimoja juu ya dereva na kingine juu ya abiria. Ukivitoa vyote viwili na kioo cha nyuma, unabaki na gari karibu wazi kabisa, ila lina mifupa juu ya kichwa. Mwaka 1968 Corvette za turubai, yaani zenye paa la kitambaa la kukunja, zilikuwa 18,630 na za paa gumu 9,936. Kufikia 1973 mambo yalikuwa yamegeuka: za turubai 4,943, za paa gumu 25,521. Turubai lenyewe likaachwa baada ya 1975.

Na kwa nini walikiondoa? Sababu kubwa ni upepo. Gari linapokwenda kasi, hewa inayopita juu ya paa inaacha nyuma yake sehemu yenye mgandamizo mdogo, na hewa ya hapo inazunguka na kurudi mbele. Aliyewahi kukaa kiti cha mwisho cha basi kwenye barabara ya vumbi, kioo cha nyuma kikiwa wazi, hahitaji kuelezwa: vumbi haliingii kwa mbele, linaingia kwa nyuma, na linamfuata yeye. Kwenye Corvette ni hivyo hivyo, tena pamoja na vumbi huja moshi wa bomba. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Mwendo wa pole jioni hauna shida, lakini safari ndefu ya barabara kuu ni habari nyingine. Pia trei ya kuhifadhia kioo ilikula nafasi ya mizigo, na gari hili halina mlango wa buti. Begi linapitia nyuma ya viti, na vipande vya paa navyo vinawekwa huko huko.

Turudi kwa fundi wetu mwenye kioo mkononi. Hawezi kukipunguza ili kiingie kwenye fremu mpya. Kioo cha nyuma kimepikwa kwa moto ili kiwe kigumu, hivyo ukikikata au kukitoboa kinasambaratika kuwa punje. Ndiyo maana njia yenye akili ni kutafuta vitu vya gari la 1968 hadi 1972: kioo na fremu yake, makomeo, trei, na kipande cha bodi kinachozunguka tundu, kisha kununua mipira mipya. Bodi ya Corvette ni ya faiba, kwa hiyo kipande kinaweza kukatwa na kuungwa kwa faiba na gundi yake, bila kuchomelea. Avae barakoa tu, maana unga wa faiba unawasha ngozi na kuumiza mapafu.

Kutoa kioo hakulegezi gari hili sana kama ambavyo kungelegeza gari la siku hizi, ambalo kioo kilichogandishwa kinasaidia kulikaza. Corvette ya wakati ule imesimama juu ya chesisi ya chuma inayojitegemea. Hatari iko kwingine. Chini ya ile faiba, kuzunguka chumba cha abiria, kuna kizimba cha chuma ambacho wenyewe hukiita tundu la ndege. Faiba haishiki kutu, chuma kinashika. Mpira ukivujisha kidogo kidogo kwa miaka mitatu, nje gari linang'aa huku kizimba kinaliwa ndani, na kukitengeneza ni ghali kuliko kazi yote ya kioo. Mimi ningemwagia gari maji ya mpira wa bustani nusu saa nzima kabla ya kurudisha zulia.

Corvette ya 1976 au 1977 ambayo tayari imebadilishwa rangi na injini haina cha kupoteza. Ambayo kila kitu chake ni cha kiwandani ningeiacha ilivyo, kwa sababu wanunuzi wa magari ya aina hii hulipia uhalisi, na tundu lililokatwa halirudi.

Kuanzia 1978 habari inabadilika kabisa. Kioo kikawa kikubwa, kimepinda, kimelala hadi karibu na mkia, na bado hakikufunguka. Huko hakuna wa kufikiria kukitoa na kukibeba ndani. Watu huweka bawaba ili kinyanyuke na begi lipitie nyuma, jambo ambalo Chevrolet wenyewe walilifanya mwaka 1982, kwenye toleo maalumu la kuaga umbo lile.