Kompyuta ya kopo la pipi

Kopo lina urefu wa milimita 95, upana 60 na kimo 21. Lilikuja na pipi za mnanaa, pipi zikaisha, likabaki kwenye droo yangu likitunza skrubu. Wenzetu wa Marekani wenye ugonjwa huu wa kujaza elektroniki kwenye makopo hutumia kopo la Altoids, na vipimo vyake ni karibu hivyohivyo. Nilitaka kuona kama humo ndani inaingia kompyuta kamili: kibodi, betri na lugha ya kuandikia programu, ambayo ukiichomeka kwenye TV ya chogo inawaka na kukungoja uandike. Si simu, wala si Linux. Kompyuta ya namna ya mwaka 1981.

Mwaka huo kampuni ya Sinclair ya Cambridge, Uingereza, ilitoa ZX81 kwa pauni 49.95 ikiwa vipande vya kujiunganishia, na pauni 69.95 ikiwa tayari. Ndani mlikuwa na chipu nne tu na kumbukumbu ya kilobaiti 1. Sehemu kubwa ya unafuu ule ilitokana na jambo ambalo halionekani kwa nje. Prosesa iliyokuwa ikipiga hesabu, Z80, ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikihangaika kusukuma herufi kwenda kwenye TV. Mtangulizi wake, ZX80 ya mwaka 1980, ulikuwa ukibonyeza kitufe skrini inapepesa, na ukiendesha programu picha inapotea kabisa mpaka hesabu iishe. ZX81 ikaja na hali iliyoitwa SLOW: hesabu zinafanywa kwenye upenyo uliobaki kati ya picha na picha, kwa karibu robo ya kasi. Mnunuzi alipunguziwa pesa, salio akalilipa kwa kusubiri.

Hilo ndilo wazo nililoliiba, na kila kilichofuata ni kuhangaika na salio hilo.

Nimetumia ATmega328P, ile aisii (chipu) ya miguu 28 inayokaa kwenye ubao wa kujifunzia wa Arduino Uno. Ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu ya kudumu, lakini kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 tu. Angalia herufi ya mwisho unaponunua. Ipo ATmega328 isiyo na P. Inafanya kazi vizuri, ila utambulisho wake ni 1E 95 14 badala ya 1E 95 0F, na programu ya kuchomea, yaani ya kuipakia chipu amri zake, isipoambiwa hivyo inagoma. Nilipoteza usiku mzima nikilaumu waya, nikalaumu umeme, nikamlaumu na muuzaji. Maandishi yalikuwa mgongoni mwa aisii, ni mimi tu sikuyasoma.

Baiti 2,048, basi. Ukitaka picha ya nukta 128 kwa 96, nyeusi na nyeupe, umeshakula baiti 1,536 kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu. Kwa hiyo sihifadhi picha, nahifadhi herufi: mistari 24 ya herufi 32, yaani baiti 768. Maumbo ya herufi yenyewe yako kwenye ile sehemu ya kudumu, na yanachorwa upya kila mara picha inapopita. Zinabaki baiti 1,280. Kati ya hizo 960 ni za programu ya mtumiaji, na zilizosalia ni za vigeu na mahesabu ya ndani. Ukiona hazitoshi, kumbuka kwamba David Horne aliingiza mchezo wa sataranji kwenye ZX81 ya kilobaiti 1, na programu yake ilikuwa baiti 672.

Sasa tuje kwenye TV, maana hapa ndipo nilipokaa wiki nyingi kuliko kwingine kote. Tundu ninalotumia ni lile la njano, ambalo watu wengi wanalijua kwa sababu ya king'amuzi. Linataka volti 0 kwa alama ya kuanza mstari, kama 0.3 kwa weusi, na 1 kwa weupe. Chipu yangu inajua 0 na 5 tu. Dawa yake ni rezista mbili: ya omu 1,000 kutoka mguu wa alama, na ya omu 470 kutoka mguu wa picha, zikikutana kwenye waya mmoja. TV yenyewe ina omu 75 ndani. Piga hesabu: mguu wa alama ukiwa peke yake unapata volti 0.30, miguu yote miwili ikiwaka unapata 0.95. Hiyo ndiyo kadi yangu ya video, rezista mbili.

Muda ndio mgumu. Katika PAL, mfumo wa picha wa TV hii, mstari mmoja unachukua mikrosekunde 64. Kwa kristali ya megahezi 16, ile inayoipigia prosesa mapigo, hayo ni mapigo 1,024, na sehemu inayoonekana ni kama mikrosekunde 52. Mimi nina herufi 32 za nukta nane, yaani nukta 256, na nikitoa nukta moja kila mapigo mawili zinakula mikrosekunde 32. Picha inakaa katikati ya skrini na pembeni kuna weusi. Sina tatizo na hilo, TV nyingi za chogo pembeni zimeshapinda.

Nilianza kutoa nukta kwa njia ya SPI, mlango wa chipu unaotoa baiti nukta moja moja, na kati ya herufi na herufi ukatokea ufa mwembamba kama wa kigae. SPI ya chipu hii haina pa kuwekea baiti inayosubiri. Mpaka moja iishe kutoka ndipo unaipa nyingine, na pigo moja au mawili yanapotea hapo. USART, mlango mwingine wa chipu hiyohiyo, ndiyo iliyoniokoa. Ina hali ya kufanya kazi kama SPI, na ina foleni: baiti moja inatoka, ya pili imeshasimama mlangoni. Kila herufi ina mapigo 16. Kusoma herufi kwenye kumbukumbu ni mapigo 2, kuchukua umbo lake 3, kulipeleka USART 2, kuhesabu na kurudi mwanzo 3. Jumla 10, na sita yanapita bure. Inawezekana tu kwa kuwa maumbo nimeyapanga kwa mstari, si kwa herufi: kwanza mistari ya juu ya herufi zote, halafu ya pili ya zote, hivyohivyo hadi ya nane. Ukiyapanga kwa herufi, kama akili inavyokutuma, unalazimika kuzidisha kwa nane kila mara na ile akiba ya mapigo inaliwa.

Picha ikatoka, lakini herufi zilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Alama ya kuanza mstari inatolewa na kaunta ya ndani, kwa hiyo TV ilikuwa imetulia. Zilizokuwa zikitetemeka ni herufi peke yake. Sababu yake ni kwamba kaunta inapomkatiza prosesa, prosesa humaliza kwanza amri aliyonayo mkononi. Amri nyingine ni ya pigo moja, nyingine ya manne. Tofauti ya pigo moja ni nusu nukta, na jicho linaiona. Nilijaribu ujanja mwingi wa kusoma kaunta na kufidia, na ulifanya kazi kwa kiasi. Nilichobaki nacho ni rahisi mno hadi kinatia aibu: mstari mmoja kabla ya picha, naiamuru prosesa ilale. Ikikatizwa ikiwa usingizini inaamka kwa idadi ileile ya mapigo daima. Mtetemo ukaisha pale pale.

Nina mistari 312 kwa kila picha, na 192 imeshikwa na herufi. BASIC, ile lugha ya kuandikia programu, inapewa 120 iliyobaki, asilimia 38 ya muda wote. Nimewazidi Sinclair kidogo, miaka arobaini na zaidi baadaye.

Vitufe ni 40, vile vidogo vya milimita 6 kwa 6 ambavyo mafundi wa redio wanauza kwa kiganja. Safu nne za vitufe kumi, kila kimoja milimita 8 kutoka kwa mwenzake, zinachukua 80 kwa 32. Vinaunganishwa kama wavu wa mistari 8 kwa 5, kwa hiyo miguu 13 inatosha, na vinasomwa wakati ambapo hakuna picha. Chipu ina miguu 20 inayotumika ukishatoa ya kristali na ya kuwashia upya. Video inakula mitatu (mmoja unapotea bure, ni saa ya USART isiyokwenda popote), vitufe 13, kihifadhi programu cha 24C256 miwili, spika ndogo mmoja. Umebaki mmoja.

Lugha yenyewe ni ya ukoo wa Tiny BASIC, ile ambayo mwaka 1976 Li-Chen Wang aliibana ikaingia kwenye kilobaiti 2. Yangu ina namba nzima tu, kutoka -32768 hadi 32767, ndiyo maana mraba wa 182, ambao ni 33,124, unapita kikomo na kuja -32412, nami siombi radhi. Nilichobadilisha ni maneno. Kila neno la amri linahifadhiwa kama baiti moja, hivyo urefu wake hauli kumbukumbu, na sikuona sababu ya kuendelea na PRINT:

10 WEKA N=1
20 ANDIKA N*N
30 WEKA N=N+1
40 KAMA N<11 NENDA 20

Ikiwa maandishi matupu programu hiyo ni baiti 62. Ndani ya kopo ni 34. Tena kama kwenye ZX81, kitufe kimoja mwanzoni mwa mstari kinatoa neno zima: A ni ANDIKA, N ni NENDA, U ni ULIZA. Q haina kazi katika Kiswahili, nimeipa FUTA.

Umeme unatoka kwenye betri ya BL-5C, ile ya simu za Nokia ambayo siku hizi iko kwenye kila redio ndogo. Ni nyembamba, milimita 5.6, na bila hivyo kifuniko kisingefunga. Inatoa volti 3.7, wakati chipu kwa megahezi 16 inahitaji karibu 3.8 ili itulie, kwa hiyo kipo kibao kidogo cha MT3608 cha kupandisha hadi 5. Kipime kwa mita kabla hujakiunganisha, maana hakiji kikiwa kimewekwa kwenye 5. Kwa kuchaji nimeweka TP4056, nikabadilisha rezista yake kutoka kilo-omu 1.2 hadi 2.4 ili ichaji kwa miliampia 500, si 1,000. Ukiacha TV, gharama yote haikufika shilingi elfu hamsini.

Kopo ni chuma, jambo ambalo nililijua tangu siku ya kwanza na bado likanikamata. Soketi ya aisii niliiondoa ili kupata nafasi, nikailehemu aisii moja kwa moja chini ya ubao. Siku ya kufunga kifuniko mara ya kwanza, ncha za vitufe zikagusa bati, TV ikawa nyeusi, na MT3608 ikatoa harufu ambayo kila fundi anaijua. Aisii ilipona. Sasa kopo limetandikwa karatasi ngumu ya plastiki niliyoikata kwenye jalada la faili, na bati lenyewe nimeliunganisha na hasi. Vile vistari vilivyokuwa vikitambaa kwenye picha navyo vikapungua, zawadi ambayo sikuiomba.

Mpwa wangu wa darasa la sita amejaza nafasi tano za 24C256 kwa programu zinazoandika jina lake. Anataka ule mguu uliobaki uwe wa taa nyekundu. Mimi nataka uwe wa kuunganisha makopo mawili. La pili bado lina pipi.