Je, wajua ni nani aliyeigawa historia ya India mafungu matatu?

Kwa miaka mingi niliamini kuwa Wahindi wenyewe ndio walioigawa historia yao hivi: enzi ya Wahindu, enzi ya Waislamu, kisha Waingereza. Nilikosea. Aliyeueneza mgawo huo ni James Mill, Mskoti aliyechapisha historia yake ya India mwaka 1817 bila kukanyaga huko hata siku moja, wala kujua lugha zake. Tena katika dibaji aliifanya kasoro hiyo kuwa sifa: eti aliye mbali hupima mambo vizuri zaidi. Miaka miwili baadaye akaajiriwa London na kampuni ya biashara iliyokuwa ikitawala India.

Utazame mgawo wenyewe. Enzi mbili zina majina ya dini, ya tatu haina; hakuna aliyeiita ya Wakristo. Na Ashoka, mfalme wa karne ya 3 KK aliyefuata Ubudha, amesukumiwa kwenye fungu la Wahindu.

Ajabu zaidi, wazalendo wengi waliompinga Mwingereza waliupokea mgawo uleule. Ni kama kurithi shati lililokatwa na fundi mwingine. Utaligeuza ndani nje, utabadili vifungo, hata kola, lakini mikono inabaki pale mkasi wake ulipopita. Mill aliidharau enzi ya Wahindu; wao wakaiita ya dhahabu, na ya Waislamu ikawa giza. Muhammad Ali Jinnah naye, mwasisi wa Pakistan, alidai huko Lahore mwaka 1940 kuwa Wahindu na Waislamu ni mataifa mawili yenye mashujaa tofauti. Si wote walilivaa shati hilo: Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India huru, aliiona India kuwa mchanganyiko wa tamaduni zilizopandana. Wala si haki kumtwisha Mill mzigo wote.

Mgawo huo hauwatoshi hata watu wa zamani wenyewe. Vijayanagara, ufalme wa kusini mwa India, mara nyingi husimuliwa kama ngome ya Wahindu dhidi ya Waislamu. Ila katika maandishi ya karne ya 14 wafalme wake wanajiita "Hinduraya Suratrana". Litamke polepole: su-ra-tra-na. Ni sultani yuleyule tunayemjua, kavikwa Kisanskriti! Sultani kati ya wafalme wa Kihindu. Huenda yalikuwa majigambo tu, na huenda "Hindu" hapo ilitaja watu wa nchi kuliko dini. Wataalamu bado wanabishana. Lakini huko Hampi, kwenye magofu ya mji wao mkuu, mazizi ya tembo wa kifalme yameezekwa kwa kuba, mithili ya msikiti.