Moto wa London haukuimaliza tauni

Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako panya wakianza kufa ovyo nyumbani watu huingiwa na hofu ya tauni, bado wapo wanaosimulia kwamba London ilipona ugonjwa huo kwa kuungua. Inavutia, lakini sivyo. Moto ulianza tarehe 2 Septemba 1666 kwenye duka la mwokaji mikate Thomas Farriner, Pudding Lane, ukateketeza nyumba 13,200 hivi na makanisa 87, huku maghala ya kando ya mto Thames, yaliyosheheni mafuta na lami, yakiuchochea. Tauni iliyoua makumi ya maelfu mwaka 1665 ilikuwa imeshapungua sana miezi kadhaa kabla. Tena vitongoji vya maskini vilivyoumia zaidi, kama Whitechapel na Southwark, moto haukuvifikia.