Redio ya gari imezima? Pima waya kabla ya kununua nyingine

Redio nyingi zinazong'olewa kwenye dashibodi hapa Malindi ni nzima. Kilichokufa ni fyuzi, athi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), au soketi ya nyuma iliyoliwa na chumvi. Mwenye gari ananunua redio nyingine, inafungwa juu ya waya zilezile, na haichukui muda kabla haijaanza tabia ileile. Kwa hivyo nitaanza na waya. Redio yenyewe itafuata.

Unahitaji multimita, taa ya indiketa ya wati 21 iliyolehemiwa waya mbili, bisibisi ya nyota na spana namba 10. Kifaa cha plastiki cha kubandulia paneli ni bora kuliko bisibisi bapa, kwa sababu plastiki ya dashibodi iliyopigwa na jua letu miaka kumi haisamehe.

Anza na fyuzi, na usiamini macho. Zungusha ufunguo hadi ACC (hatua inayowasha redio bila injini), weka multimita kwenye volti za DC, waya wa hasi uguse chuma kisicho na rangi, wa chanya uguse vile vitundu viwili vidogo kwenye mgongo wa fyuzi. Pande zote zikisoma 12, fyuzi iko sawa. Upande mmoja 12 na mwingine sifuri, imeungua. Redio hupata umeme kwa njia mbili: wa kudumu, unaotunza saa na stesheni, na wa ACC, unaoiamuru iwake. Kwenye Toyota nyingi ule wa kudumu hupitia fyuzi iliyoandikwa DOME, ileile ya taa ya ndani. Kwa hivyo redio ikisahau stesheni kila ukizima gari, na taa ya ndani nayo haiwaki, shida umeshaijua. Umeme wa ACC mara nyingi huenda pamoja na tundu la kuwashia sigara. Sarafu ikitumbukia mle, fyuzi inaruka. Rudisha fyuzi ya ampea zilezile. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara si fyuzi, hata kama gari la jirani linatembea nayo.

Fyuzi zikiwa nzima, fungua paneli. Kwenye Toyota redio kwa kawaida imeshikwa na boliti nne za namba 10. Lakini ngoja: kama ni redio ya Japani yenye ramani na bado inawaka, usitoe betri wala kuchomoa soketi kabla ya kuhakikisha kadi yake ya SD ya ramani imo ndani. Nyingi zikikatiwa umeme hujifunga, zinadai kadi au namba ya kufungulia, na maandishi yote ni ya Kijapani.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Multimita peke yake inadanganya, maana haivuti umeme. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili za shaba katikati ya kutu utaonyesha volti 12 vizuri kabisa, lakini redio ikianza kuvuta zinashuka hadi 8 na inazima. Ndiyo maana utasikia mtu akisema redio yake inawaka ikiwa chini, akiongeza sauti inakata. Unganisha ile taa ya wati 21 kati ya waya wa kudumu na athi ya soketi. Inavuta karibu ampea 1.75. Ikiwaka hafifu, acha taa iwake na upime tena. Kwanza pima kati ya athi ya soketi na nguzo ya hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, athi ni mbovu. Ifuate hadi pale boliti yake inaposhika bodi, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza. Athi ikiwa sawa na taa bado ni hafifu, tatizo liko upande wa chanya, na mara nyingi ni kwenye kiungo kilichosokotwa na kupigwa tepu.

Chumvi ndiyo adui mkubwa wa magari yanayolala karibu na bahari, kuanzia Silversands hadi Mambrui na Ngomeni. Upepo wa kusi unaipeleka hadi ndani ya dashibodi. Chomoa soketi uitazame kwa tochi: unga wa kijani kwenye pini ni shaba iliyoliwa. Usikwangue kwa kisu, utaondoa ile ngozi ya bati inayoilinda pini. Tumia spiriti kali ya aina ya isopropili na mswaki mkavu, acha ikauke kabisa, kisha pakaa vaselini kidogo sana. Petroli usiiguse, inalainisha plastiki na mvuke wake unaweza kuwaka karibu na waya zenye umeme.

Redio ikiwaka lakini haitoi sauti, chomoa soketi ya spika. Weka multimita kwenye omu: spika ya omu 4 itasoma kati ya 3.2 na 3.8. Multimita isiposoma omu yoyote (OL), spika imekatika, au waya umekatika ndani ya kile kimpira kati ya mlango na bodi, mahali unapokunjwa kila mlango ukifunguliwa. Kisha pima kila waya wa spika dhidi ya bodi: multimita haitakiwi kuonyesha mguso wowote. Redio za siku hizi hazitaki waya wowote wa spika uguse bodi, hata ule wa hasi. Ukigusa, ikiwa na bahati itajilinda na kunyamaza. Bila bahati, IC ya sauti (chipu inayokuza sauti ndani ya redio) inakufa. Kuijua IC iliyokufa, rudisha soketi, washa redio, pima volti za DC kati ya nguzo mbili za spika moja. Inatakiwa iwe karibu sifuri. Ukiona volti kadhaa, IC imekwisha, na ukiendelea kuiacha hivyo itaunguza na spika.

Halafu kuna lile la FM. Gari limetoka Japani, redio inawaka, sauti safi, ila stesheni ni mbili tatu. Hakuna kilichoharibika. FM ya Japani ni megahezi 76 hadi 90, na za karibuni hadi 95. Yetu ni 87.5 hadi 108. Kuna kidude kinachofungwa kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa, kwa mfano kwa 18, hivyo stesheni ya 100.0 unaipata kwenye 82.0. Kinahitaji umeme wa ACC na athi yake. Mimi sikipendi: kinaongeza mikwaruzo, na mwenye gari hukaa akipiga hesabu ya kutoa barabarani. Kama huhitaji ile ramani ya Kijapani, fedha hizo ziongezee redio nyingine.

Ukibadilisha, tafuta soketi ya kugeuza ya Toyota, ya pini 10 na ya pini 6, usikate waya za gari. Upande wa redio mpya: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ACC, nyeusi athi; nyeupe spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na wenye mstari mweusi ni hasi. Rangi za gari lenyewe ni nyingine, zipime. Usiunganishe nyekundu pamoja na njano ili redio iwake bila ufunguo, labda kama unapenda kusukuma gari asubuhi. Waya wa buluu ndio unaosahauliwa: gari lenye antena kwenye kioo cha nyuma lina kikuza mawimbi, na bila volti 12 kutoka kwa waya huo FM itakuwa dhaifu hata redio iwe ya bei gani. Viungo lehemu na uvike kimpira kinachosinyaa kwa joto. Gundi ya tepu huyeyuka ndani ya dashibodi iliyoegeshwa juani, na tepu inafunguka yenyewe.

Lori la volti 24 linataka kipunguzi cha 24 hadi 12. Kuchota umeme kwenye betri moja kati ya mbili kunaiacha moja na njaa na nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa mapema.

Kabla ya kurudisha boliti, washa injini. Betri isome 13.8 hadi 14.4. Ukisikia mluzi unaopanda na mzunguko wa injini, rudi kwenye athi. Mikwaruzo ikiwa kwenye FM tu, chomoa chaja ya simu ya bei poa, kisha zima taa za LED moja moja, usikilize ni ipi inayonyamazisha kelele.