Damu, Nasaba na Ridhaa Katika Utafiti wa Saratani ya Kurithi

Katika miezi ya hivi karibuni kamati yetu ya maadili ya utafiti imepokea malalamiko mengi kuliko kawaida kutoka kwa wagonjwa na jamaa zao wanaohudhuria kliniki za saratani hapa Mombasa. Mengi yanahusu wauguzi wanafunzi wanaouliza habari za ukoo, na mengine yanahusu damu: inachukuliwa ya nini, inapelekwa wapi, na nani anafaidika nayo. Maswali hayo ni ya haki na yana majibu. Kisicho na msingi ni uvumi unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kwamba damu hiyo inauzwa, uvumi ambao ni hadithi ya mumiani iliyovishwa nguo mpya, na ambao umewafanya baadhi ya wagonjwa kukataa hata vipimo vinavyohitajika kabla ya kutiwa dawa za kemotherapi. Anayekataa kipimo hicho anachelewesha tiba yake mwenyewe.

Yapo mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Damu ya matibabu huagizwa na daktari ili ajue wingi wa chembe nyeupe na hali ya ini na figo. Huo si utafiti. Utafiti wa mwanafunzi ni sehemu ya masomo ya uuguzi, katika stashahada na katika shahada, na kwa kawaida huwa ni hojaji na mahojiano, bila sindano. Utafiti wa jeni, yaani chembe za urithi tunazozipata kutoka kwa wazazi, ndio unaohitaji mililita chache za damu au mate, na ridhaa yake hutolewa peke yake. Sahihi uliyotia kwa ajili ya upasuaji au kemotherapi haimpi mtafiti yeyote ruhusa ya kuzichunguza jeni zako.

Muuguzi anapouliza habari za ukoo, hachimbui siri za nyumba. Kati ya saratani 100 za matiti, takriban 5 hadi 10 hutokana na badiliko la jeni lililorithiwa, na mabadiliko yanayojulikana zaidi yamo katika jeni BRCA1, iliyoko kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 17, na BRCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 13. Njia ya kuanza kuzitambua familia hizo ni kuchora nasaba ya vizazi vitatu: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, alama iliyotiwa wino kwa aliyeugua, na mstari wa mshazari juu ya aliyefariki. Umri wa kuugua huandikwa, kwa sababu saratani ya titi iliyompata mtu akiwa na miaka 35 ina uzito tofauti na iliyompata mwingine akiwa na miaka 75. Waliooana binamu kwa binamu, jambo la kawaida katika familia nyingi za Pwani, wasione haya kulisema. Mstari wa ndoa yao huchorwa mara mbili, na hakuna hukumu yoyote inayotolewa.

Hata hivyo, wagonjwa wengi hutaja upande wa mama pekee. Tumelieleza jambo hili mara nyingi, na hatuna budi kulirudia: baba hurithisha sawa na mama, na kila mtoto wa mzazi mwenye badiliko la BRCA, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulipata badiliko hilo. Shangazi aliyefariki kwa saratani ya ovari ana umuhimu uleule alio nao khalati, dada wa mama. Saratani ya mlango wa kizazi, kwa upande mwingine, husababishwa na virusi vya HPV, navyo havirithiwi; huko kinga ni chanjo na uchunguzi wa mapema.

Hofu ya watu kuhusu sampuli ina historia. Mwaka 1951, mjini Baltimore nchini Marekani, seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa na kutumiwa katika utafiti bila ridhaa yake. Taratibu za leo zipo ili jambo kama hilo lisitokee. Pendekezo la utafiti, hata la mwanafunzi, hupitiwa kwanza na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha mtafiti huomba leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, na baada ya hapo hutafuta ruhusa ya hospitali yenyewe. Leseni hiyo ina namba na msimbo unaoweza kuuchanganua kwa simu, nawe una haki ya kuonyeshwa. Fomu ya ridhaa husomwa kwa lugha unayoielewa. Asiyejua kusoma huweka alama ya kidole mbele ya shahidi asiye upande wa mtafiti. Na mtoto chini ya miaka 18 husainiwa na mzazi au mlezi, naye mwenyewe huulizwa kama anakubali. Chupa ya sampuli huandikwa namba badala ya jina. Ikiwa sampuli itapelekwa nje ya nchi, fomu sharti iseme hivyo.

Majibu ya kipimo cha jeni nayo hueleweka vibaya. Kuwa na badiliko la BRCA si sawa na kuwa na saratani: zaidi ya wanawake 60 kati ya 100 wenye badiliko hilo hupata saratani ya titi maishani, na wengine hawapati. Wakati mwingine maabara huona badiliko ambalo maana yake haijulikani. Majibu ya aina hii huwapata Waafrika zaidi, kwa sababu hazina za takwimu za jeni zimejengwa hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Hiyo ndiyo sababu tunatamani kwa dhati kwamba familia za Pwani zishiriki, kwani bila sampuli zao wajukuu zao wataendelea kupewa majibu yasiyosaidia.

Kuhusu usiri, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu hali ya afya na data ya jeni kuwa data nyeti. Kamishna wa Data, anayeisimamia sheria hiyo, anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia ya shirika, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, na kosa ambalo halikuwekewa adhabu mahususi katika sheria hiyo lina faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Muuguzi hatawaambia ndugu zako majibu yako bila idhini yako, hata wakimwomba kwa nia njema.

Mshiriki anaweza kujiondoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yake hayaguswi. Ila taarifa zilizokwisha kuchanganywa na za wengine bila kitambulisho chochote haziwezi kutenganishwa tena. Mwenye malalamiko aanze kwa kamati iliyotajwa kwenye fomu, na yakihusu data ayapeleke kwa Kamishna, ambaye sheria inamtaka ayachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90. Lalamiko lisilo na namba ya utafiti wala tarehe ni vigumu mno kulifuatilia, kwa hivyo usiondoke kliniki bila nakala yako ya fomu.