Udongo wa Tanzania: anza kwa kuangalia mteremko

Mkulima akituuliza aweke mbolea gani, nasi humuuliza: shamba liko juu ya mteremko au bondeni? Udongo wa nchi hii haubadiliki kimkoa tu. Hubadilika hata ndani ya shamba moja.

Usukumani jambo hili linaonekana wazi. Juu, karibu na mawe magumu ya matale (graniti), kuna luseni: kichanga chepesi kinacholimika upesi, kinachofaa karanga na mihogo, lakini rutuba yake ni haba. Ukishuka unakuta itogolo, mchanga uliolalia tabaka gumu. Maji hayapenyi, yanatuama, na ndiyo maana majaruba ya mpunga huchimbwa hapo. Chini kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi wenye rutuba. Ukilowa huvimba na kunata kwenye jembe. Kiangazi hupasuka nyufa za kupitisha mkono. Muda wa kuulima ni mfupi sana, ukichelewa umekwama. Mtaalamu Geoffrey Milne wa kituo cha Amani, Tanga, aliueleza mpangilio wa namna hii katika miaka ya 1930, na hadi leo unafundishwa vyuoni duniani. Wasukuma walikuwa na majina yao ya udongo huo, na kwangu majina hayo ni elimu kamili.

Kilimanjaro, Meru na Rungwe kuna udongo wa majivu ya volkano: mweusi, mwepesi, unaotunza unyevu. Wengi hudhani haudai kitu. Kumbe hung'ang'ania fosforasi, mmea ukaikosa, kwa hiyo mbolea ya kupandia iwekwe karibu na mbegu, isimwagwe shamba zima. Mufindi na Njombe udongo mwekundu una tindikali. Chai inaupenda, maharage yanahitaji chokaa. Fosfeti ya Minjingu, mbolea ya mawe yanayochimbwa Manyara, huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wa aina hii kuliko wenye magadi.

Kichanga cha Mtwara na Lindi kinaifaa mikorosho, na matope ya mafuriko Rufiji na Kilombero yanaubeba mpunga.

Ukitaka kupima, usichanganye udongo wa juu na wa bondeni. Kila kipande kichukuliwe sampuli yake: chota sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, ukiepuka vichuguu, mazizi ya zamani na palipochomwa takataka. Changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, pakia nusu kilo, kisha andika zao ulilovuna na unalokusudia kupanda.