Maana ya Tarehe ya Sakitu ya Mwisho kwa Bustani za Nyanda za Juu

Sakitu, ambayo wengine huiita jalidi, ni chembe nyeupe za barafu zinazoganda juu ya majani na nyasi pale joto la uso wake linaposhuka hadi nyuzi 0 za sentigredi au chini yake. Tarehe ya sakitu ya mwisho ni siku ambayo, kwa kutazama kumbukumbu za miaka mingi za mahali fulani, ikishapita uwezekano wa sakitu kurudi msimu huo huwa mdogo kiasi cha mkulima kuweza kuubeba. Ipo pia tarehe ya sakitu ya kwanza, inayofungua msimu wa hatari, na ni kati ya tarehe hizo mbili ndipo mazao yasiyostahimili baridi hukosa usalama.

Neno la kuzingatia hapo ni uwezekano. Nchini Marekani, ambako tarehe hizi huchapishwa kwa kila kituo cha hali ya hewa, hutolewa kwa viwango kadhaa: ipo ambayo sakitu huja baada yake katika nusu ya miaka, na ipo ya baadaye zaidi ambayo sakitu huja baada yake katika mwaka mmoja tu kati ya kumi. Anayehamishia miche ya nyanya shambani katika ile tarehe ya nusu ya miaka ajue kwamba ndani ya miaka kumi atatarajia kuipoteza mara tano hivi. Kwa kabichi hilo si neno, lakini kwa nyanya ni hasara ambayo hakuna sababu ya kuikubali.

Katika nchi za baridi kali tarehe hii hufuata mwisho wa majira ya baridi, na ndiyo maana miongozo mingi ya bustani huitaja kana kwamba ni jambo la kalenda. Kwetu, karibu na ikweta, sakitu hutegemea mwinuko na anga kavu lisilo na mawingu. Usiku ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani. Mawingu yakiwapo hurudisha sehemu kubwa ya joto hilo, na upepo ukivuma huchanganya hewa ya chini na ile ya juu yenye joto zaidi. Anga likiwa jeupe, hewa kavu na upepo umetulia, joto hushuka mpaka alfajiri. Kwa sababu hiyo Njombe, Makete na uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, kusini mwa Tanzania, hupata sakitu katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, ilhali Kinangop na maeneo mengine ya Nyandarua nchini Kenya huiogopa zaidi kati ya Desemba na Februari. Mkazi wa Limuru atakuambia kwamba Julai ndiyo mwezi wa baridi, na ni kweli, lakini ni baridi ya mawingu na manyunyu. Sakitu iliyounguza majani ya chai Kericho mwaka 2012 ilikuja Januari, mchana ukiwa na jua kali.

Hata tarehe iliyo sahihi kwa wilaya yaweza kulipotosha shamba lako. Kipimajoto cha kituo huwekwa mita moja na nusu hivi juu ya ardhi, kwenye kivuli, na usiku uliotulia chaweza kusoma nyuzi 3 huku nyasi zilizo chini yake zimeganda. Isitoshe, hewa baridi ni nzito, nayo huteremka mteremko kama maji na kutuama bondeni. Hapa ndipo wanaolima vinyungu, yaani bustani za mabondeni za kiangazi, Iringa na Njombe hupata mtihani wao: bonde ndilo lenye unyevu wakati wa kiangazi, na bonde hilohilo ndilo linaloganda. Asubuhi baada ya usiku wa namna hiyo, maharage ya matuta ya chini huwa yamelegea na kuiva majani kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na kufikia mchana yamekuwa meusi, wakati matuta machache juu yake hayana hata jani lililojikunja. Matuta hayo mawili, kwa maoni yangu, yanastahili tarehe mbili tofauti, hata kama mwenye shamba ni mmoja.

Tarehe ikishajulikana, hesabu hufanywa kurudi nyuma kwa kila zao. Tuseme sehemu yako huwa salama kuanzia tarehe 5 Septemba. Nyanya huhamishwa siku hiyo au baadaye, hivyo mbegu huingia kitaluni wiki tano hadi sita kabla, chini ya kichanja kinachofunikwa usiku. Maharage yaweza kupandwa wiki moja kabla, kwa kuwa mbegu iliyo ardhini haidhuriki na mche utatokeza hatari ikiwa imepita; viazi mviringo, vinavyochelewa kuchomoza, hutangulia zaidi. Kabichi, sukuma wiki, karoti na vitunguu saumu havihitaji hesabu hii. Njegere huhitaji nusu yake: majani yake huvumilia, lakini maua na maganda machanga huharibika, kwa hiyo kinachopimwa ni siku ya kuchanua, wala si siku ya kupanda.

Asiye na kumbukumbu za jirani huanza kuziandika mwenyewe, kwa kipimajoto cha bei nafuu kinachohifadhi kiwango cha chini cha usiku, kikiwekwa kwenye kimo cha mazao na si ukutani mwa nyumba. Sakitu ikija nje ya tarehe, umwagiliaji wa mchana uliotangulia husaidia, kwani udongo wenye maji huhifadhi joto na kulitoa usiku. Matandazo, yaani nyasi au majani makavu yanayotandazwa juu ya udongo, ambayo siku nyingine ni rafiki wa bustani, usiku huo huzuia joto hilo lisiifikie miche, kwa hiyo ni afadhali yasogezwe kando jioni, udongo upate jua kwanza, kisha miche ifunikwe kwa nyasi au magunia kabla joto halijatoka.